Taa ya hendibreki imewaka, gari linarudi nyuma

Mama amekataa kupanda tena gari langu.

Leo nimelichukua gereji hapa Karatu, limetengenezwa hendibreki, ile ya umeme ya kubonyeza. Nikamwambia fundi twende tukaijaribu kwenye mlima wa Endabash.

"Dada, taa si inawaka? Hiyo imeshika."

Akaja shingo upande. Mama yuko kiti cha nyuma.

Katikati ya mlima nikasimama, nikabonyeza, taa ikawaka. Nikaachia breki ya mguu taratibu.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Nikakanyaga. Fundi anaikodolea macho taa.

"Lakini imewaka," anasema.

Mama akafungua mlango, akashuka.

"Fundi, kaa wewe huku nyuma, mteremke naye."

Jamani, nimechoka. Hizi za umeme nyie mnatengenezea wapi?