Misumari ya Philister

Philister si mtu wa kijicho, mwenyewe atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Gari jipya la Velma hakulionea wivu, wala nyumba yake. Kilichomchoma ni kiti cha mbele cha gari hilo, kwa sababu siku hizi aliyekikalia kila Jumapili ni Mama Susan.

Mama Susan anakaa Richfield kwa mwanawe. Ndiye mtu pekee Minnesota nzima aliyemfahamu marehemu mama yake Philister. Huko Siaya walikuwa majirani, wakiteka maji kisima kimoja. Philister alifiwa akiwa mdogo mno kukumbuka lolote. Basi kila Jumapili alitoka Blaine akaenda mpaka Richfield kumchukua, ndipo wageuze kwenda kanisani. Sisi wenzake wa kanisani tulimcheka kwa kuchoma mafuta bure. Hatukujua kwamba njiani Mama Susan, akishaliombea gari, alikuwa akimsimulia habari za mama yake: alivyocheka, alivyobishana na muuza samaki, alivyompigia vigelegele bibi harusi asiyemjua.

Halafu Jumapili moja ya Januari gari likateleza pale pale mtaani Richfield, likajikita kwenye lundo la theluji. Hakuna aliyeumia, ila Mama Susan alilitaja jina la Yesu mpaka majirani wakachungulia. Wiki iliyofuata alifika kanisani na Velma, nesi aliyekuwa amehamia juzijuzi kutoka North Dakota na tairi zake za misumari, zile zenye vichuma vya kung'ata barafu.

"Gari ya Velma haitelezi hata kidogo," akatangaza wakati wa chai. "Barafu ni kama lami tu!"

Philister akatabasamu huku roho ikimwuma. Jumapili zilizofuata hakusikia mahubiri. Alitazama visogo vyao viwili safu ya mbele na kujiuliza Mama Susan amemwambia nini leo. Mama yangu, akawaza kwa hasira, sasa ni wa kusimuliwa Velma?

Akaendesha hadi Fargo, huko huko North Dakota, kwa binamu yake Ken, ambaye ni fundi wa magari.

"Sista, Minnesota hawaruhusu hivi vitu," Ken akamwonya.

"Na Velma je?"

"Velma bado ana plate za huku, namba za North Dakota, kwa hiyo wanamhesabu mgeni. Akibadilisha, hata yeye atatoa."

"Niwekee, Ken."

Jumamosi ikanyesha mvua ya barafu. Philister akawahi simu. "Mama, kesho nakuja mimi. Hata mimi nina misumari sasa."

Mtaani Richfield barabara ilikuwa barafu tupu, na gari likaishika vizuri ajabu. Philister akafurahi mpaka akaimba. Ila barabara kuu ilikuwa imemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, lami imekauka, na misumari ikaanza kelele kama mvua ya mawe kwenye mabati. Mama Susan akaegemea dirisha, kimya.

"Mama, mbona huongei?"

"Hii kelele siiwezi, mwanangu! Hata kwa Velma ilikuwa hivi hivi. Nilikuwa nasinzia tu mpaka kanisani."

Moyo wa Philister ukaruka kwa furaha. Kumbe Velma hakuambulia kitu!

"Lakini ametoa yake," Mama Susan akaendelea, akipaza sauti. "Amechukua plate za Minnesota. Jumapili iliyopita gari ilikuwa nyamavu kabisa, tukaongea! Nikamwambia hata siku mama yako alipoaga, na yale maneno aliyokuachia. Wewe niliogopa kukwambia, utalia ukiwa una-drive."

Philister aliusahau usukani kidogo, gari likayumba.

"Maneno gani, Mama?"

"Unasema?"

"Aliniachia maneno gani?"

Mama Susan akaziba masikio kwa viganja, akatikisa kichwa.

"Muulize Velma!"