Tope Nililopeleka Ruiru

Mimi nina wivu, na sijawahi kuuficha. Wanawake wengine huwaonea wivu wapangaji warembo wa ploti. Mimi niliyaonea wivu mabwawa ya maji taka ya Ruiru, tangu siku bosi alipomhamishia mume wangu huko.

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi kwenye mabwawa ya Thika, na pale ndipo tulipojuana. Watu wakisikia kazi yako ni maji ya choo, hawakusogelei sana, kwa hivyo sisi tulisogeleana. Saa ya chakula tuliketi ukingoni na githeri yetu, yeye akiongea bila kituo: upepo umegeuka, bwawa la pili limeanza kuwa kijani, kuna mtu ametupa tena blanketi kwenye mtaro. Alipohamishwa, maneno yakabaki huko. Jioni alirudi nyumbani kwetu Kamenu, akala, akatazama simu, akalala. Nikimuuliza habari za kazi, jibu lilikuwa moja.

"Poa tu."

Nikaanza kuogopa kwamba nimempoteza, ingawa mashati yake bado nilikuwa nayafua mimi.

Kisha bwawa lao jipya, lile la kina kirefu, la kwanza kupokea uchafu, likaharibika na kunuka mayai viza. Bwawa la aina hiyo hutegemea vijidudu, na vyao vilikuwa havijashika. Wakaomba tope kutoka bwawa langu liwe mbegu, vile mtu huomba jirani uji kidogo uliolala ili wake uchachuke. Nililichagua mwenyewe, zito na jeusi tititi, lisilo na harufu ya kukera. Nikapanda lori na dereva, nimefunga kitambaa changu kizuri cha kichwa. Naomba nisiulizwe kwa nini.

Getini tulipokelewa na mwanamke wa maabara, gambuti zake safi kuliko sahani zangu. Alilitazama lori akacheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alicheka mpaka akashika kiuno. Neno lilikuwa limeingia mahali pake kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Huyu ndiye mama watoto," akamwambia.

"Karibu, dada. Wewe tunakusikia hapa kila siku."

Kila siku, na mimi nyumbani sikuwa nimeambiwa hata kwamba yeye yupo. Nikasema asante kwa meno.

Tope lilipoanza kumwagwa walisimama ukingoni pamoja, mwanamke akionyesha kwa kidole, mume wangu akiuvuta mpira wa kumwagia upande huo kabla hajaambiwa. Sikuona jambo la aibu. Ningeliona, angalau ningejua la kusema. Nilitamani tope langu likatae kushika, halafu nikalihurumia, maana halikuwa limemkosea mtu.

Jioni mume wangu alirudi nasi kwa lori. Tulipokuwa tukikaribia Juja nikamuuliza polepole, "Yule mama ana watoto wangapi?"

"Watatu," akasema, na hilo lingetosha. Lakini akaendelea. Wa mwisho anasumbuliwa na kifua. Mama mwenyewe hanywi chai ya maziwa. Alitoka Kakamega, na siku yake ya kwanza kazini alitapika kando ya bwawa, akapangusa mdomo, akauliza chupa za sampuli ziko wapi. Tukaipita Witeithie akiwa bado anaongea, mikono hewani, dereva akicheka. Akatoka kwa huyo mama akaingia kwa bwawa, akatoka kwa bwawa akaingia kwa upepo.

Nilikuwa sijamsikia hivyo tangu ahamishwe. Kila sentensi ilinichoma, na kila alipovuta pumzi niliogopa amemaliza, kwa sababu mtu huyo aliyekuwa akiongea ndiye niliyeolewa naye. Ikabidi nimuulize swali lingine juu ya yule mwanamke.