Ndevu Nusu Piko

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kinyozi hapa Tunduma, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akakaa kitini na kuagiza apakwe piko ziwe nyeusi.

"Nilishuka kwenye mashimo ya dhahabu kule Saza nikiwa kijana," alitutangazia wote, "nikaja kupanda mzee. Ujana wangu sikuula. Jumamosi navuka mpaka kwenda Nakonde kucheza rumba, na nataka niwe kama nilivyoshuka."

Kinyozi akakoroga piko kwenye kopo, akachovya mswaki mkuukuu, akaanza kupaka. Alipomaliza shavu la kushoto, mzee akanyanyua mkono. Akajitazama kwenye kioo, akageuza uso huku, akageuza kule.

"Huyu wa ndevu nyeusi namfahamu," alisema, akikinyooshea kioo kidole. "Mbishi, haambiliki. Mama yake alimwambia usiende, akaenda. Huyu wa ndevu nyeupe ndiye aliyetoka shimoni akiwa hai. Nioshe."

"Na Nakonde je, mzee wangu?"

"Naenda. Ila naenda mimi, siyo yeye."

Akaoshwa, akajipangusa kwa taulo, akatoka akitikisa mabega kama muziki umeshaanza.

Wapo watakaosema amekata tamaa. Mimi nasema sisi tunaoulilia ujana tumesahau tu tabia za yule kijana.

"Unafuata wewe, mzee," kinyozi akaniita.

Nikaisukumia pakiti yangu ya piko chini kabisa ya mfuko, nikamwambia aninyoe tu.