Jina la Mama Tala

Padri wetu huandika maneno na desturi zetu papo hapo kwenye ngazi ya nyumba, kanzu imelowa matope ya mto, vidole vyeusi kwa wino, akirudia kila neno letu polepole kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Kila siku humuuliza jirani yangu swali lile lile.

"Jina lako, mama?"

"Mama Tala."

"Hilo la mwanao. Lako?"

"Nimeshazaa, Padri. Hilo la usichana unalitakia nini?"

Basi huandika kwa hasira, unyoya ukikwaruza karatasi, akiapa kwamba desturi hii ataikomesha. Ndui ilipomwacha mtoto Sinag yatima, Padri alimchukua akamlea mwenyewe kwa uji wa mchele, na wanawake wakaanza kumwita Baba Sinag. "Mimi ni padri tu," hujibu bila kuinua macho. Jana Mama Tala alimwita kutoka ukingoni, "Padri!" Akainua kidole, yaani ngoja nimalize. "Baba Sinag, mtoto kaanguka mtoni!" Akajitosa na kanzu yake. Alitoka na Sinag kifuani, karatasi zote zikielea nyuma yake.

Leo kaja na karatasi mpya.

"Jina lako, mama?"

"Mama Tala."

Akaliandika, asiulize tena.