Povu Lililopita Mabwawa Matatu

Bwanausi Mtoro aliajiriwa mwaka 1971 kutunza mabwawa ya majitaka ya hoteli moja ya ufukweni, upande wa kusini wa Kaole. Watu walimtania kwamba anachunga vinyesi vya wageni. Alicheka nao, kwani kazi aliipenda. Maji yote ya vyooni, jikoni na kwa dobi yalishuka kwa bomba mpaka bwawa la kwanza, yakakaa, yakahamia la pili, kisha la tatu. Yaliingia meusi yakinuka. Yalipotoka yalikuwa na ukijani hafifu tu, na mtaro wa mchanga uliyapeleka kwenye mikoko. Fundi aliyejenga mabwawa alimweleza kuwa kazi yote hufanywa na jua na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula uchafu mpaka ukaisha. Yeye alitakiwa kufyeka nyasi za kingoni, kuopoa utando na kuzibua milango ya kupitishia maji.

Aliyasadiki maneno yale, na kwa kuyasadiki akayadhamini mabwawa. Wazee wa mtaa wake hawakutaka mtaro upite karibu na kisima cha chini, ambacho nyumba ishirini na kitu zilichota humo. Bwanausi alisimama kikaoni akasema maji yale yatakuwa hayana neno. Mzee Rajabu, balozi wa nyumba kumi, alimuuliza kama yuko tayari kulibeba jambo hilo shingoni mwake. Akajibu kwamba yuko tayari. Mtaro ukachimbwa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka katikati ya mwaka 1974. Asubuhi moja alikuta mdomo wa mtaro umejaa povu jeupe, limesimama kama pamba, na upepo ukilirusha kwenye mikoko. Alilipiga kwa fimbo, likagawanyika, likajikusanya tena. Alidhani mlango umeharibika. Akasafisha milango yote mitatu, lakini kesho yake povu lilikuwepo vilevile.

Baada ya wiki kadhaa dada yake mkubwa, Sihaba, alimjia nyumbani na ndoo ya maji. Alimpa salamu yake, akaketi, akamimina yale maji katika beseni kutoka juu. Yakatoa povu.

"Hii ndoo sijaitia sabuni," Sihaba alisema. "Nimechota kisima cha chini sasa hivi. Wewe ndiwe uliyetuambia hayana neno."

 Bwanausi alimwomba asiwaambie watu kwanza, mpaka ajue. Sihaba alikubali kwa shingo upande, maana wajukuu zake walikuwa wakiyanywa maji hayo.

Akaanza kulifuata povu linakotoka. Alipata chupa sita za soda, akateka maji ya bomba linalotoka kwa dobi, ya kila bwawa, ya kisima cha chini, na ya kisima cha juu kilichokuwa mbali kule mlimani. Saa hakuwa nayo. Alitaka kupima muda kwa kusoma Kulhuwallahu moyoni, lakini hakuona adabu kuisoma kando ya majitaka, kwa hiyo alizibeba chupa mpaka barazani kwake. Alitikisa moja baada ya nyingine na kusoma polepole. Povu la kwa dobi halikuvunjika hata aliposoma mara thelathini. La bwawa la kwanza, la pili na la tatu lilipungua kidogo tu. La kisima cha chini lilikaa mara sita. Maji ya kisima cha juu hayakushika povu kabisa.

Usiku ule hakula. Kama vijidudu vilikula kila kitu, mbona hiki kilipita mabwawa matatu kama mtu apitaye sokoni bila kununua?

Aliyemfumbua macho ni Eufrazia, mama wa makamo kutoka Fukayosi aliyekuwa msimamizi wa dobi. Alimwonyesha mapipa ya sabuni ya unga. Zamani walifulia sabuni ya mche; tangu mwezi wa tano walikuwa wakitumia unga huo, kwa kuwa unafanya mashuka yang'ae. Mikono ya wafuaji ilikuwa imebabuka.

Bwanausi alikwenda na chupa zake kwa meneja, Bwana Alawi. Meneja hakumdharau. Alimwita bwana afya, maji ya kisima yakapelekwa kupimwa Dar es Salaam, na majibu yakarudi kwamba hayana vimelea vya maradhi.

"Umesikia mwenyewe," meneja alisema. "Wadudu hawamo."

"Wadudu hawamo, bwana. Sabuni imo."

Meneja alimjibu kwa upole kwamba hajapata kusikia mtu aliyeuawa na sabuni, na wageni wanataka mashuka meupe.

Hapo Bwanausi akamwomba Eufrazia jambo ambalo baadaye lilimkosesha raha miaka mingi. Alimwomba arudie sabuni ya mche, kimyakimya, muda wa kutosha ili maji ya zamani yatoke mabwawani. Eufrazia alifikiri siku mbili, akakubali. Stoo kulikuwa na makasha ya mche yaliyobaki.

Wiki ya tano povu la bwawa la tatu lilivunjika kabla hajamaliza kusoma mara moja. Mdomo wa mtaro ukawa mtupu. Alitikisa chupa ile mara nyingi mpaka akawa na hakika. Lakini chupa ya kisima ilikuwa vilevile. Kilichokwisha kuingia ardhini hakikutoka.

Wiki hiyohiyo mgeni alilalamikia shuka lake. Meneja akaingia kwa dobi, akaona mapipa ya unga hayajaguswa. Eufrazia hakumtaja mtu. Alisema ni uamuzi wake kwa ajili ya mikono ya wafuaji, akafukuzwa kazi siku ile.

Siku tatu Bwanausi aliendelea kuopoa utando mabwawani. Ya nne alikwenda ofisini akasema yote. Bwana Alawi alimsikiliza, akamwambia nafasi ya Eufrazia imekwisha kupata mtu, na yeye arudi kwenye mabwawa, maana hakuna mwingine anayeitaka kazi ile. Povu likarudi mwezi uliofuata.

Ijumaa baada ya sala aliomba kikao. Alizipanga chupa mbele ya wazee, akazitikisa, akaeleza zote zilikotoka. Kisha akasema, "Nilidhamini kitu nisichokijua. Msinywe tena kisima cha chini."

Mzee Rajabu alimuuliza sabuni ile inamfanya nini mtu anayeinywa. Bwanausi akasema hajui, na waliopima hawakuitafuta. Mzee mmoja aliondoka bila kuaga. 

Kisima kilifunikwa kwa mbao. Vijana walichimba mtaro mwingine mbali na makazi, na hoteli ikajifanya haikuona. Wanawake walianza kupanda mpaka kisima cha juu, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Mtaro mpya nao uliishia mikokoni, kwenye hori lilelile la bahari ambako Sihaba na wenzake walitanda nguo kukamata uduvi. Sihaba alimwambia Bwanausi kwamba uduvi umekuwa haba, ila hakuweza kuapa ni kwa sababu hiyo.

Mwaka 1976 Bwanausi alikwenda Fukayosi. Alimkuta Eufrazia akipalilia mihogo, mikono yake imepona. Walizungumza habari za watoto, za mvua, za barabara. Alipoomba radhi na kumweleza kwamba alikwenda kwa meneja akasema yote, Eufrazia alisimamisha jembe.

"Ungeniambia mapema kwamba umekwenda kusema ukweli, ningelala vizuri zaidi," alisema. "Mimi nilidhani umeniacha."

Alimpa mihogo ya kubeba. Bwanausi aliipokea kwa mikono miwili, akaenda barabarani kusubiri gari la mizigo.