Nyekundu ya Guku

Guku akipiga simu, salamu zinakula muda wote. Guku ni babu, ndivyo Wasukuma tunavyomwita, na huyu ni baba yake mama, anaishi Kakese na ng'ombe wake. Anakuuliza umeamkaje, mama ameamkaje, shule imeamkaje, kuku wameamkaje, mvua huko mjini imeamkaje. Halafu salio likiwa linaelekea kuisha anasema kilichomfanya apige, kwa sentensi moja, na simu inakatika.

Siku ile sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Ule mkanda, rangi iwe nyekundu, Jumapili naupitia."

Ikakatika. Ningeweza kumpigia. Mama alikuwa na salio, simu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini mimi kupiga simu ni kazi. Lazima kwanza niandike kwenye karatasi nitakachosema, na nikishaandika naona aibu kwa nilichoandika. Kwa hiyo nikajiambia nyekundu ni nyekundu, nikaenda kufua soksi.

Niseme kwanza habari ya ngozi. Huwa natengeneza vitu vya ngozi nikitoka shule: mikanda, pochi, vifuko vya kalamu. Hakuna aliyenituma. Nilianza nikiwa kidato cha kwanza, nilipopeleka kiatu kwa fundi wa pale karibu na stendi, nikakaa kusubiri, nikaona anavyopaka rangi kwa kipande cha godoro. Nikarudi kesho yake bila kiatu. Yeye hakuuliza nataka nini, na kwa mtu kama mimi hiyo ni heshima kubwa. Alinipa vipande vilivyobaki na uzi. Kwa kuwa nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari, akaanza kuniita mwalimu.

Ninachopenda zaidi siyo kushona, ni kumalizia. Kupiga msasa pembeni, kulowesha ukingo na kuusugua kwa kijiti mpaka ung'ae, kupaka nta. Mikono yangu haitulii, mama anasema tangu utotoni nilikuwa nachambua shuka mpaka inatoka nyuzi. Kwenye ngozi hakuna anayenigombeza.

Ngozi ya guku aliileta mwenyewe, ukanda mmoja mrefu umekunjwa kwenye kiroba cha mbolea. Alikuwa amempa mzee mmoja wa huko kwao ailoweke kwa magome ya mgunga. Ilikuwa haina manyoya, imepauka kama chapati ambayo haijaiva. Nilipewa tu nikaambiwa tengeneza mkanda. Wiki ile walikuwa wanajiandaa kuhamisha ng'ombe, yeye na mjomba, kwenda malisho mengine mbali, wanaondoka Jumatatu alfajiri, na hakuna aliyejua wangerudi lini.

Jumatano nikaipaka. Nilikuwa na unga wa rangi kutoka kwa fundi, nikauchanganya na spiriti, nikapaka mikono mitatu, yaani mara tatu, nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba hapa Kawajense. Ilikuwa nyekundu kwelikweli. Nyekundu ya pilipili, ya taa ya breki. Nikaona nimeweza. Nilisahau kuvaa mfuko wa plastiki mkononi, vidole vikabaki hivyo hivyo.

Kesho yake darasani ninayekaa naye dawati moja aliviona.

"Wewe, umechinja?"

"Hapana."

"Au ni hina? Mkono mmoja tu? Nyie, huyu anaolewa nusu!"

Dawati la nyuma walicheka mpaka mwalimu akageuka. Niliukalia ule mkono kipindi chote cha Hesabu, ukafa ganzi.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama mbele ya kamba ya nguo, ameuangalia mkanda kama anaangalia nyoka.

"Hii nini?"

"Mkanda wa guku."

"Umeupaka lipstiki?"

"Alisema nyekundu."

Mama akakaa kwenye ndoo. Alianza kucheka, halafu akaacha, na ile namna alivyoacha ndiyo iliyonitisha.

"Mwanangu, ng'ombe mwekundu ana rangi gani?"

Nilikuwa nimeshaiona tayari. Kwa wafugaji ng'ombe mwekundu ni huyu ambaye shuleni tungeandika kahawia. Ni rangi ya udongo wa barabara ya Kakese mvua ikiwa imeshakatika. Hakuna ng'ombe wa rangi ya pilipili duniani. Mimi damu yangu ni ya huko, lakini nimekulia mjini, na neno nimelisikia kwa sikio la mjini.

Hapo ndipo mama akaniambia ngozi ile ni ya nani. Ilikuwa ya jike lililokuwa linatangulia kundi. Guku alitembea nyuma yake miaka mingi, kwenda mtoni na kurudi, mpaka ng'ombe huyo akazeeka akafa mwenyewe kiangazi kilichopita. Guku alikataa asiuzwe. Ngozi iliponyolewa manyoya rangi yake ikaondoka nayo, na mzee hakuwa anataka mkanda wa urembo. Alitaka rangi ya ng'ombe wake irudi, aifunge kiunoni, aende nayo huko mbali.

"Na ngozi yake iliyobaki?"

"Sehemu kubwa ilioza mgongoni kabla hajachunwa," mama alisema. "Hiyo ndiyo iliyopona."

Sikula vizuri. Nilikuwa naenda kwenye kamba, naugusa mkanda, narudi ndani, naenda tena. Kama vile ungebadilika wenyewe nikiuangalia mara nyingi. Mama alinisogezea simu mara mbili. "Mpigie umwambie." Mara zote mbili nilisema nitapiga baadaye. Niliandika kwenye karatasi: Shikamoo guku, nimeharibu. Nikaikunja nikaiweka kwenye kifuko cha kalamu.

Ijumaa nikaupeleka kwa fundi. Aliunyanyua, akaugeuza, akaita jirani yake anayeuza vocha aje aone.

"Mwalimu, hii ni ya kuzuia magari?"

Nikamweleza kwa kifupi, huku naangalia chini. Akaacha utani. Akajaribu kufuta kwa spiriti upande wa ndani. Ikatoka kidogo, ikabaki pinki. Tukaangaliana. Pinki ilikuwa mbaya zaidi.

"Haitoki," akasema. "Hii huiondoi, unaizima. Unajua maji ya misumari?"

Nilikuwa nayajua. Ni misumari yenye kutu unailoweka kwenye siki siku kadhaa, na maji yake ukiyapaka kwenye ngozi ya magome yanaifanya nyeusi. Hayana weusi yenyewe, yakikutana na yale magome ndiyo yanageuka. Alikuwa na chupa yake chini ya meza.

"Kijiko kimoja kwenye kikombe kizima cha maji. Upake mkono mmoja, uache. Usirudie mpaka ikauke, unanisikia? Yenyewe inakuja polepole. Ukirudia haraka utampelekea mzee ng'ombe mweusi."

"Nimesikia."

"Umeandika?"

Nikaandika: Usirudie mpaka ikauke. Nikapiga mstari chini yake.

Jumamosi nilimaliza kufagia mapema, nikatandika kiroba nyuma ya nyumba, nikaanzia kwenye ncha, ile yenye matundu, inayopita kwenye kichuma cha kufungia. Nikapaka. Nikasubiri. Ikawa nyekundu iliyolowa, basi. Nikahesabu mpaka mia. Nikainuka nikamwaga maji ya kuku, nikarudi. Bado nyekundu. Kulikuwa na wingu na hewa nzito, hakuna kilichokuwa kinakauka siku ile, hata mashati ya shule. Niliwaza maji yamezimuliwa sana. Niliwaza kesho ni Jumapili. Daftari lilikuwa wazi pembeni yangu, na ule mstari niliopiga nilikuwa nauona.

Nikarudia.

Dakika kama tano baadaye ile ncha ikaanza kuja. Ilipita kwenye rangi ya damu ya mzee, ikapita kwenye kahawia, kahawia yenyewe kabisa niliyokuwa naitaka, na haikusimama. Nilifuta kwa kitambaa, nilimwagia maji, ikaendelea kwenda. Ikawa nyeusi kama chini ya sufuria, urefu wa vidole vinne.

Sikulia. Nilizunguka nyumba. Kweli, nilizunguka nyumba kama mara sita, mama akanichungulia dirishani akiwa kwenye cherehani yake akaniuliza kama natafuta kuku. Nikasema ndiyo.

Sehemu iliyobaki niliifanya kama mtu aliyefungwa mikono. Mkono mmoja, nikauacha, nikaenda kuikalia mikono yangu kwenye ngazi ya mlango. Ulipokauka ulikuwa umetulia kwenye kahawia yenye wekundu ndani yake. Siyo sawasawa kila mahali, kuna mabaka. Jioni nikayeyusha nta, ambayo mama huletewa na mteja wake anayetoka Ugalla kwenye mizinga ya nyuki, nikaitia mafuta kidogo ya karanga na vumbi la mninga nililochota kwa maseremala. Nikausugua mkanda wote kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka mkono ukauma. Vumbi la mninga lilisaidia mabaka yakashikana. Ile ncha halikuifanya kitu.

Guku alikuja Jumapili tukiwa ndiyo tumetoka kanisani, na bodaboda, ameshika fimbo yake imesimama kama mlingoti. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya nailoni ya bluu. Alisalimia kila mtu na kila kitu. Kuku pia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mkanda nyuma ya mgongo.

"Lete," akasema.

Aliuchukua, akatoka nao juani. Aliupitisha kwenye vidole kuanzia kwenye kichuma, polepole, kama anavyompapasa ng'ombe kutafuta kupe. Akafika kwenye weusi, akasimama. Nilisikia cherehani ya jirani.

"Siyo yeye," akasema.

Mama akafungua mdomo kunitetea. Mimi nikawahi, sijui kwa nini. Nilisema yote. Kwamba nilisikia nyekundu nikadhani ya dukani, kwamba niliogopa kupiga simu kuuliza, kwamba fundi aliniambia nisubiri na sikusubiri, kwamba ile ncha ni mimi na haraka yangu. Nilisema mpaka kuhusu pinki. Sijawahi kuongea maneno mengi vile mbele ya guku, na nadhani hata yeye alishangaa, maana aliacha kuuangalia mkanda akaniangalia mimi.

"Siyo yeye," akarudia. "Huyu ni ndama wake. Yule wa tatu."

"Wa tatu?"

"Mwekundu hivi, mabakabaka. Pua nyeusi, kama amelamba masizi." Akafungua ile kamba ya bluu, akaishika suruali kwa mkono mmoja, akapitisha mkanda. Ncha nyeusi ikatangulia kwenye kila kitanzi cha suruali, inaingia, inatokeza, inaingia. "Ona. Pua inatangulia. Na yeye ndiye anatangulia sasa, tangu mama yake afe."

Mama alinivuta jikoni kuchukua chai. "Mimi huyo ndama wa pua nyeusi simkumbuki," akaninong'oneza. "Mzee wangu ana huruma na wewe."

Hilo likanikaa. Ningeweza kuliacha, ingekuwa rahisi. Anakunywa chai, anaondoka, kesho alfajiri kundi linahama, na mimi nabaki na ndama ambaye sijui yupo au ametungwa kwa ajili yangu. Nilimpelekea chai. Nikakaa. Nikainuka. Nikakaa tena.

"Guku, naweza kumwona?"

"Nani?"

"Wa tatu."

Alicheka, meno machache. "Kesho mtanikuta wapi? Panda twende sasa hivi."

Nikapanda nyuma ya bodaboda na gauni langu la kanisani, fimbo katikati yetu, mama anapiga kelele kuhusu viatu. Kakese siyo mbali. Ng'ombe walikuwa wamerudishwa mapema zizini kwa sababu ya safari, wamebanana, na niliposimama kwenye uzio nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga. Wekundu walikuwa wengi, na hakuna wawili waliofanana. Kuna wa chai ya maziwa, wa chai kavu, wa tofali lililoungua, wa tofali ambalo halijaungua. Wenye pua nyeusi nao walikuwa kama saba au nane. Mjomba alikuwa upande wa pili anafunga vyombo, alininyooshea mkono. Guku alisimama kando yangu, ameingiza dole gumba ndani ya mkanda wake.

"Si huyo hapo," akasema, "mwekundu."

Alikuwa ameinua kidevu tu kuelekea kundi zima. Vidole vyangu vilikuwa bado vina rangi ya pilipili kwenye kucha, nikavishikiza kwenye mti wa uzio.

"Nyekundu ipi?" nikauliza.

Guku akainua fimbo, akaanza kunionyesha, mmoja mmoja, yupi ni mtoto wa nani na wekundu wake ameutoa wapi, na mara hii hapakuwa na simu ya kukatika.