Milamula ya Kokwijuka kule Miembeni

Mwanamke akimwendea Kokwijuka kumwuliza aanzeje kununua kiwanja, haambiwi kwanza habari ya fedha. Huulizwa, "Nani atakuona ukipanda mlamula?" Mmea huo wa mpaka kila mtu anaujua. Lakini wengi huupanda kimya kimya, kisha wakaja kulia kwa sauti.

Yeye mwenyewe alilia. Mumewe alipofariki kule Ijumbi, mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, shemeji yake Byabato aliingia nyumbani, akachukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, akaanza kuwakaribisha waombolezaji. Kwa Wahaya, anayewapa wageni kahawa ndiye mwenye nyumba. Kokwijuka akaelewa. Migomba aliyoitandazia nyasi miaka kumi na mitano ikawa ya ukoo, naye akatoka na mkeka na jembe.

Akaenda Kemondo kuwapikia wapakizi wa meli. Alipopata uwezo alinunua kibanja cha migomba cha mtu aitwaye Karugendo, wakamalizana wawili tu, nyuma ya nyumba. Migomba ilipozaa, ndugu za Karugendo wakaja, wakamrudishia bei ile ile, wakakitwaa kibanja.

"Ardhi ya ukoo haiuzwi bila ukoo, mama. Hukujua?"

Hakujua. Wao walijua siku zote, na kila asubuhi walimpita akipalilia, wakamwamkia kwa adabu.

Mara ya pili hakuharakisha. Alipoonyeshwa kipande cha ardhi Miembeni, pembeni mwa mji wa Bukoba, aliwaendea kwanza kaka za muuzaji, mmoja mmoja, kisha majirani. Siku ya kununua aliwaita wote, akawatengea mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi. Kabla hawajaonja akasema, "Kila mtu apande mlamula mmoja kwa mkono wake."

Wakamcheka. "Ma Kokwijuka, umetununua na sisi?"

"Ndiyo, na ninyi ndio ghali."

Wakapanda.

Akajenga vyumba vitatu vya udongo. Kimoja alikaa mwenyewe, viwili akapangisha, kwa karani na kwa fundi cherehani. Hakula kodi hata mara moja. Aliigeuza bati, moja baada ya jingine, mpaka nyasi zikaisha juu ya paa.

Ndipo Byabato akatokea, kanzu imepigwa pasi, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake.

"Nyumba hii ni ya marehemu kaka yangu," akasema. "Tumekuja kuichukua."

Kokwijuka hakubishana naye. Alipita ua kwa ua akiwaita majirani. Mzee Datius, kaka mkubwa wa yule muuzaji, akaenda moja kwa moja mpakani, akashika mmea uliokwisha kumzidi kimo.

"Huu niliupanda mimi. Mama huyu alikuwa mjane tayari, akanunua kwa jasho lake, na sote tuliona. Wewe, Ta Byabato, ulipanda upi?"

Wazee wa ukoo wakamgeukia Byabato. "Ulituambia kaka yako ndiye aliyenunua."

Byabato akatazama kanzu yake.

Kokwijuka akaingia ndani, akatoka na kikapu cha kahawa. Akawapa wazee, akawapa majirani, shemeji akamweka wa mwisho.

"Karibu kahawa, shemeji. Uko kwangu."

Wote wakautazama mkono wa shemeji. Byabato akachukua punje moja, akatafuna, akaaga.